Visigino vya Peju

Rumande, Musoma
4 Agosti 1974

Kaka yangu mpendwa Wanzagi,

Pokea salamu nyeupe kama pamba ya Bunda msimu ukikubali. Naamini wewe, shemeji Marcelina na watoto mnaendelea vizuri huko Tabora. Mimi mwili mzima, ya moyoni utayaona mbele. Humu ndani mimi ndiye redio. Nawasimulia Nairobi na Kampala nilikoendesha, na nisikofika nafika kwa mdomo. Wanacheka. Wakinyamaza tu, Enoka ananijia.

Barua yako ilinifikia. Umeniuliza inakuwaje mimi, niliyekuwaga nasema breki naisikiliza kwa unyayo kama daktari na moyo wa mgonjwa, nikapake mafuta kwenye breki. Umesema nimeiaibisha nyumba ya baba. Una haki. Ila soma mpaka chini, halafu uichome. Justina mke wangu ameitoa humu kwenye kikapu cha chakula, isipite kwa wakubwa.

Mwezi wa sita operesheni ya vijiji ilifika kwetu Butiama. Nyumba ya Mama ilibomolewa, akaambiwa ahamie kijiji kipya kando ya barabara. Enoka, karani wa mizani ya pamba, tuliyechunga naye ng'ombe sisi wote watatu, aliniombea kwa meneja wetu wa ghala la pamba ile Peju 504 ninayoendesha, tukaja naye kumhamisha. Kitanda juu, kuku kwenye buti, Mama kiti cha nyuma kapakata jiwe lake la kusagia kama mjukuu. Tulilala kwake, asubuhi tukaondoka.

Sasa breki za nyuma zilikuwaga zinapiga kelele muda mrefu. Siku hiyo kimya. Nikamwambia Enoka gari limeniogopa. Tulizungukia Bunda kwanza kwa kazi ya Enoka, kufika navuta handbreki, gari linateleza, maana Peju ile handbreki yake inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Nikapiga jeki, nikatoa matairi, nikachomoa pini, nikavuta pedi. Zilikuwa zimelowa mafuta. Nikaziosha kwa petroli, nikazikwangua kwa msasa mpaka zikatoa vumbi, nikafuta sahani za chuma, nikarudisha kila kitu, nikakanyaga pedeli mpaka ikawa ngumu. Handbreki ikashika. Nikamwambia Enoka hata Wafaransa walioliunda wangenipa mkono. Dawa yenyewe ilikuwa kuweka mpya, lakini spea za siku hizi unazijua, Musoma hakuna na Mwanza hakuna. Na pedi ikishakunywa mafuta, kaka, ni kama chungu kilichopika samaki kamongo: osha utakavyo, moto ukiwaka harufu inarudi.

Tulipofika mteremko wa Kigera, hapa Musoma, pedi zilikuwa zimepata moto. Nilisimama mteremkoni, juu kidogo ya geti la ghala, nikavuta handbreki, ikashika. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo sikuzima injini wala kuliacha kwenye gia. Enoka akashuka kufungua geti. Mimi nikavuka barabara kununua sigara, nikaanza kumtania muuzaji. Gari liliondoka lenyewe, polepole, kama ng'ombe anayejua nyumbani. Enoka alikuwa ameligeuzia mgongo. Nilimwita, akageuka akicheka, alidhani ni mzaha wangu. Lilimbana pale pale getini.

Polisi walileta fundi wa serikali. Alifungua magurudumu ya nyuma, akanusa pedi, akauliza mbele ya watu nani ameweka samli. Watu wa nyumbani walikuwa wameshafika, na Mama yupo, kamshika mkono Boke, mjane wa Enoka. Nikajibu ni mimi, kelele zilinichosha. Sasa Mara nzima inanijua kwa upumbavu huo, na hakimu ataniona nimeua kwa ujinga wa makusudi.

Kaka, sikupaka mimi. Unakumbuka Mama anavyotupakaga samli visiginoni tukiondoka, ili miguu isisahau njia ya kurudi. Asubuhi ile nilikataa, nilikuwa na soksi mpya. Nikamwambia kwa utani kwamba mimi siendi kwa miguu, ampake Peju. Nikaingia ndani kunywa uji. Natoka, namkuta ameinama na kibuyu nyuma ya gari, anamimina kwenye matundu ya rimu, midomo inaomba. Nilicheka, nikamwambia asante.

Nikisema ukweli watamwita mahakamani aeleze mbele ya Boke. Hajui breki ni nini, wala hajui kwamba alichomimina kwenye rimu ndicho fundi alichonusa. Anajua dua. Atajua dua yake ndiyo iliyomuua mtoto aliyemlisha na sisi sahani moja. Bora mimi nioze humu.

Jumapili Mama alikuja. Askari alimruhusu kunipaka. Nikavua viatu, nikampa visigino, nami sikupata utani hata mmoja. Alipomaliza alinifuta machozi kwa kanga, akaniambia nisijilaumu kwa ajili ya breki: safari ile gari lilipakwa, kosa ni moja tu, mimi mwenyewe nilikataa kupakwa.

Basi uvunapo ulezi, gunia moja lifike kwa Boke, usitaje jina langu. Wabusu watoto, na shemeji mwambie bado mimi ni mtanashati.

Ni mimi mdogo wako,
Clementi