Elia na Wimbo Wangu wa Krismasi

Jumanne, Majilio

Na bado wanamsifia. Wimbo uleule wa Krismasi ninaowapigia kwaya miaka yote, leo Elia, yule mtumishi mgeni wa wizarani, kaupiga kwa namna tatu: taratibu, kwa rumba, kisha kwa mdundo wa Kigogo. Mdundo wa kwetu, naye katoka Bukoba juzi tu.

Mwalimu wa kwaya akaniambia, "Mzee, Krismasi hii tumwachie Elia gitaa. Wewe utupigie makofi." Wakacheka. Nami nikacheka.

Mungu anisamehe, niliomba nyuzi zake zikatike.

Jioni nikajifungia chumbani, nikaujaribu ule wa Kigogo kama alivyoupiga yeye. Mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Baba Neema, Elia amekuja?"

Nilifurahi, halafu ikaniuma.