Mbuzi Niliyemdhani wa Posa

Bibi mshauri mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, mimi mwenyewe mwili umepona na moyo ndio naukabidhi kwako, maana hapa nilipo hakuna mtu wa kumweleza ambaye hatacheka kwanza. Mimi ni fundi wa nguo, mtoto wa Tabora, na nakwambia bila majivuno kwamba dunia nimeiona, nilikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, nikapigana na Wajapani huko Burma, nimekunywa chai Kalkata, nimelala Kolombo, shule nimesoma mpaka darasa la tatu na la nne nikalichungulia dirishani, na vita vilipokwisha nikasema nyumbani nitarudi taratibu nikipitia hapa na pale, na hiyo taratibu ndiyo iliyonifikisha Mikinduri huku Meru, ambako nimeweka cherehani yangu kwenye baraza ya duka la rafiki yangu Koome, na suruali ninazokata mimi huzikuti hata Nairobi.

Sasa wewe unajua hii Hali ya Hatari ilivyo, tangu serikali ianze kufunga watu kwa ajili ya viapo vya msituni. Wenyeji hapa hawaendi hata Kangeta hapo jirani bila karatasi ya ruhusa, na homgadi, wale askari wa kijiji wa serikali, wakimkuta mtu njiani hana karatasi anaweza kwenda kulala mahali ambapo mkewe hatapajua, lakini mimi wakinisimamisha wananiuliza kabila gani, nasema Mnyamwezi, wanatazamana, kabila hilo hawajaambiwa walifanye nini, wananiachilia, na hivyo ikawa katika nchi ya watu mtu huru ni mimi mgeni. Sikufichi, jambo hilo nilikuwa nalifurahia, na nilikuwa nalisimulia.

Ndipo mwaka huu ikaja homa hii inayosemwa kwenye redio, soko zima likawa linakohoa, na siku ile Koome alipofungua redio yake watu wakasikia kwamba homa imetoka Asia, basi wote wakageuza shingo kunitazama mimi, maana ni nani mwingine Mikinduri aliyekuwa akiwapa habari za Asia kila siku. Mama mmoja alikuja kuchukua blauzi yake ambayo haijatiwa hata vifungo. Nikawaambia jamani, Asia mimi nimeondoka tangu vita vya Hitler, ni homa gani hiyo inayokaa mfukoni miaka yote ikingoja, na Koome, ambaye ni rafiki yangu, akasema, "Lakini fundi, si wewe mwenyewe ulituambia Burma ulileta vitu mingi?"

Hata hivyo, Bibi mshauri, mimi si mtu wa kinyongo. Watu walikuwa wamelala majumbani na kwenda hospitali Meru mjini hawawezi kwa sababu ya karatasi, basi nikachukua mfuko wangu wa jeshi nikaenda mimi, nikarudi na asprini, ndimu na sukari, nikawa napita nyumba kwa nyumba, wale wale walionitazama kwa shingo wakawa wananipokea kwa mikono miwili. Nyumba ya mzee Mithika niliikuta yote iko chini, mzee, mkewe Celina na watoto, isipokuwa binti yao mkubwa Kiende, mtu mzima aliyesoma shule ya misheni ya Kaaga na anayefundisha watoto wa kanisa Jumapili, yeye peke yake amesimama, anachemsha maji, anapangusa, anamtuliza huyu na kumkemea yule, nami nikasema moyoni kwamba nimeona wanawake Kalkata na nimeona Kolombo lakini huyu sijamwona.

Wote walipoinuka nikaanguka mimi. Nikalala nyuma ya duka siku nisizozijua, na mzee Mithika akaja amejifunga blanketi, bado yeye mwenyewe anayumba, akasema, "Fundi, wewe unakufa hapa peke yako, nani atazika wewe? Kuja kwangu." Wakanibeba, nikauguzwa kwake, na anayeninywesha uji ni Kiende, na kila nikimsimulia habari za Burma anasema, "Kunywa kwanza, fundi, vita itangoja."

Nilipopona mzee akaniambia, "Jumamosi tunachinja mbuzi, mimi na wewe. Ukishakula hiyo mbuzi wewe si mgeni tena, wewe ni mtu ya hii nyumba kabisa." Sasa Bibi mshauri, ungesikia wewe maneno hayo, na binti yuko pale anapepeta wimbi, ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ni posa. Ni kweli kwetu mwanamume ndiye anayetoa, lakini nilijiambia labda huku Meru mtu akiwa mzuri sana huposwa yeye.

Basi siku ikafika, nimevaa koti langu la Kalkata. Kwa kuwa mikutano imekatazwa, hedimani, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, alitoa ruhusa na akaleta homgadi wake mmoja anaitwa Mbaabu alinde karamu, naye alikaa mbele ameweka bunduki magotini akala figo zote mbili. Wazee wakakata ini, Mithika akauma, nikauma, wakanivisha kidoleni ukanda wa ngozi ya yule mbuzi, wakasema maneno marefu ya Kimeru na mimi nikaitikia kila mahali waliponyamaza, kisha nikatoa hotuba.

Kesho yake asubuhi Kiende akaniletea uji, akapiga goti kidogo, akasema, "Baba mdogo, uji huu hapa." Nikacheka. Yeye hakucheka, aliweka bakuli akaenda zake. Nikamkimbilia Koome kumuuliza, naye alicheka mpaka akashika kaunta. "Wewe fundi, hiyo ilikuwa gichiaro. Wewe na Mithika sasa ni kama mama yenu ni mmoja. Kitu akiomba huwezi kumnyima, na kitu ukiomba hawezi kukunyima, akikunyima ni laana. Na Kiende sasa ni mtoto yako. Ukitaka bibi, enda utafute Kangeta."

Ningeumia peke yangu nikanyamaza, lakini haikuishia hapo. Huyu Mbaabu naye anamtaka Kiende, alikwisha kukataliwa mara mbili, sasa amekwenda kwa Mithika akamwambia kwa kutabasamu kwamba wakubwa wakisikia mzee fulani alikula kiapo na mgeni wa kutoka nchi nyingine, mzee huyo atapelekwa kizuizini na mgeni atarudishwa kwao, ila mtu hawezi kumshtaki baba mkwe wake. Mithika amekubali. Juzi alikuja barazani na kitambaa cheupe kwapani, macho hayanitazami, akasema, "Ndugu yangu, pombe ya posa ya Mbaabu inakuja baada ya mavuno. Wewe ni baba yake wa pili, utakaa na mimi tuipokee. Na gauni utashona wewe." Yaani mimi, Bibi mshauri, nikae kwenye kiti nimpokee mwanamume anayekuja kumchukua Kiende, na anikatie mguu wa kondoo kama haki yangu.

Jana Kiende mwenyewe alipita akijifanya ameleta blauzi itengenezwe mkono. Akasema, "Baba mdogo, wewe hukataliwi kitu na baba. Mwombe asinipe Mbaabu. Sista wa hospitali ya misheni ameniwekea nafasi ya kusomea unesi, mwombe aniache niende." Akaondoka. Mimi sikulala, na nikaona kwamba ikiwa nafungua mdomo na sikataliwi kitu, kwa nini nisimwombe Kiende mwenyewe awe mke wangu, atanikatalia vipi? Tena nikaona nikimtibua Mbaabu mzee atafungwa kwa sababu ya mbuzi wangu. Tena nikaona bora nifunge cherehani nirudi Tabora, ambako habari hii hawaijui. Niambie nishike lipi, na jina langu tafadhali usilichape, watu wa hapa wasije wakanijua.

Ni mimi,
Fundi wa Mbali


JIBU LA BI. EDNAH

Fundi wa Mbali,

Jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadilisha, ingawa sijui katika Meru yote wako mafundi wangapi wa Tabora waliopigana Burma na wanaotembea na ngozi ya mbuzi kidoleni.

Pole kwa homa, na ahsante kwa ule mfuko wa asprini. Mtu aliyetazamwa vibaya na soko zima akaenda kuwaletea dawa, huyo kwangu ana nafasi. Ndiyo maana nitakugombeza kama wa nyumbani. Umekaa na Wameru miaka, umewapima viuno na mabega, na hukuuliza hata siku moja mambo yao yanakwendaje, kwa sababu ulikuwa ukisimulia yako. Umechinjiwa mbuzi, umelishwa ini, umevishwa ngozi, na Koome amekaa hapo karibu anakutazama. Swali moja tu lingetosha. Wewe ukatoa hotuba.

Sasa hilo la kumtaka Mithika akuoze Kiende kwa kuwa hawezi kukunyima, litoe kichwani leo. Nilimuuliza Mmeru mmoja wa makamo anayefanya kazi katika jengo letu hili, akaweka chini kikombe chake cha chai. Akasema, "Huyo mtu anataka kuomba mtoto yake mwenyewe?" Ukiomba hivyo unamkwamisha mzee wa watu, kukunyima ni laana na kukupa ni laana, naye alikuja kukuchukua nyuma ya duka na homa yake mwenyewe haijakwisha. Hukula hilo ini ili umfanyie hivyo.

Kutoroka nako acha. Mgeni akikimbia baada ya karamu, Mbaabu atakuwa amepata ushahidi aliokuwa hana.

Na kuhusu huyo Mbaabu, dawa yake umeniandikia mwenyewe ukaipita mbio kwenda kunieleza koti lako. Figo zote mbili alikula nani? Karamu ilipata ruhusa ya nani? Ikiwa kile kilikuwa kiapo, basi Mbaabu alikila akiwa na bunduki ya serikali magotini, tena alichagua pahali penye mafuta, na hedimani ndiye aliyekipa kibali. Mambo ya serikali mimi siyajibu katika ukurasa huu, lakini njaa ya mtu naijua. Mchukue Mithika, mchukue na Koome, mwende kwa hedimani mchana kweupe wakati Mbaabu yuko zamu hapo hapo. Usimtishe mtu wala usitaje Burma. Sema hivi: "Hedimani, tumekuja kukushukuru kwa ruhusa yako ya ile karamu, na kwa askari uliyetuletea. Tunatumaini alishiba." Kisha nyamaza. Najua kwako hiyo ni kazi kubwa kuliko Wajapani, lakini nyamaza mpaka hedimani ajibu. Yeye hatakubali karamu aliyoiruhusu iitwe kiapo, maana Bwana DC akianza kuuliza, ataanza na yeye.

Mkitoka hapo, kabla hamjafika nyumbani na moyo wa mzee bado mwepesi, ndipo umwombe ndugu yako. Omba kile alichokuomba Kiende, kama alivyokisema, usiongeze chako. Msichana amekueleza kwa maneno machache anachotaka katika maisha yake, wewe ukayaandika upesi upesi ukarudi kwenye kukosa usingizi kwako. Fikiria hili: kama mbuzi yule angekuwa wa posa kweli, leo ungekuwa mgeni mmoja anayegombea binti na mtu mwenye bunduki, na Mithika angekukataa kwa hofu, na hakuna ambaye angemlaumu. Kwa kuwa ni baba mdogo, hakuna wa kukukatalia. Watu wote wa Mikinduri wanaompenda binti yule hawana uwezo huo. Unao wewe, na umeupata kwa kukosa ulichokitaka.

Kama unataka kulia, lia, mashine ya cherehani ina kelele ya kutosha. Alichokuwa akifikiri Kiende asubuhi ile alipokuwekea bakuli asicheke, mimi sitakuambia, na wewe usimuulize kamwe.

Kitambaa cheupe unacho tayari. Usikirudishe, na usikikate gauni la harusi. Sare ya unesi nayo ni nyeupe, na ninaamini wewe unaweza kuikata vizuri kuliko Nairobi. Ila vipimo usichukue wewe. Mpe Celina utepe ampime binti yake ndani, na wewe ukae barazani, akutajie namba kwa sauti, uandike.