Kikapu cha Akinyi

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Boito sote wazima, na ng'ombe wa mama yako amezaa. Umeniuliza: wewe kama mkuu wa kampuni ya bima ya afya, umlipie mgonjwa aliyejiunga jana?

Miaka ya sabini nilipochuma majani chai, mwenzetu akishikwa na homa shambani, kila mmoja alimtilia kiganja cha majani kikapuni, maana nyapara aliwafuta wenye vikapu vyepesi. Akinyi, mgeni kutoka ziwani, alishikwa na homa siku yake ya kwanza.

“Huyu hajamtilia mtu hata jani!” Mama Kiprono akalalamika.

“Na akifutwa leo, atatutilia lini?” nikamuuliza.

Akacheka, akatia viganja viwili. Akinyi alibaki kazini. Tangu hapo, hakuna aliyemtangulia kutia majani kwenye kikapu cha mgonjwa.

Wasalimie watoto.

Nyanya yako