Mwisho Nilioubadilisha

Pinar del Río, Jumanne

Kaka Ovidio,

Huku salama, ila kuku wameacha kutaga. Mama bado anasokota sigara kiwandani, nami bado nawasomea wasokotaji riwaya wakiwa kazini.

Riwaya ya sasa ina kijana aliyehamia ng'ambo. Ilipofika kileleni, nilimwona Mama ameacha kusokota. Kitabuni kijana harudi kamwe. Mimi nikasoma kwamba anabisha hodi. Wote wakagonga mezani visu vyao vya kukatia tumbaku kushangilia.

Njiani Mama akasema, "Nilijua tu, Nere! Mwandishi gani akaze fundo vile halafu asilifungue? Na wangu atakuja."

Nami, uliyeniambia kwamba hutarudi, bado sijamwambia.

Nisamehe. Godoro lako limeanikwa uani, na usiku Mama hakomei mlango.

Dada yako aliyeshindwa kusoma ukurasa mmoja,
Nereida