Maharagi Yaliyoota Pangoni

Dada Furaha,

Maharagi yetu kilo kumi na mbili yalipotea Jumanne. Hayakuibiwa, yameota! Papa Dokta, huyu ninayempikia, anayehesabu popo katika mapango ya huku Walikale, njo yeye aliniambia, «Mama, weka gunia pangoni, mvua haifiki.» Kumbe dari lenyewe linavuja! Siku ya tano nilikuta miche myeupe imetoboa gunia. Nikamwambia, «Papa, wewe jua popo wako, maharagi niachie mimi!» Akacheka, akaipiga picha ile miche zaidi kuliko popo. Tuliipika na mawese, watu tisa wa kambi tukashiba, na iko tamu kweli. Lakini kesho tutakula picha?

Nawakumbatia wote, mutoto wa mwisho mara mbili. Mwenye moto, ile pikipiki iliyokuletea kadi hii, anaondoka kwako Ijumaa saa sita: utampa kilo kumi za maharagi, ndiyo ao hapana?

Dada yako, Riziki