Uwanja wa Ndege Ndani ya Kompyuta

Bwera, Desemba 2016

Mwanangu Crispus,

Sisi tuko wazima, na maharagwe imetoa maua. Barua nampa Umaru wa lori, maana simu naogopa.

Tangu mapigano ya Kasese mwezi uliopita, askari wanapekua nyumba, wanafungua hata kompyuta. Yako uliyoacha hapa iko na ule mchezo wa kurusha ndege, na uwanja wa Kasese uliouchora mwenyewe. Watasema unapanga vita. Nilifuta ile picha ya ndege kwa kioo, nikashukuru Mungu. Sylivia dada yako akacheka: "Mama, hiyo ni mlango tu. Vitu bado iko ndani." Ndani wapi, hajui.

Niandikie viwanja unaviweka wapi, nifute. Ni kazi yako ya miaka miwili, nisamehe. Jana walikuwa kwa jirani Yudesi. Krismasi usikuje.

Mama yako anayekuombea,
Night