Neno la Siri la Ukoo Mzima

Jumanne, Mitwero. Joto limekaa juu ya bati tangu asubuhi, na mimi nina hasira ambayo wala siionei aibu.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya maombi ya chuo; mimi nataka uuguzi, Iringa. Mwisho saa kumi alasiri. Mwaka jana nilichelewa, nikarudi Rutamba kupalilia ufuta na kumwambia kila anayeniuliza, "Mwakani, Mungu akipenda." Sikutaka kuyasema tena maneno hayo.

Fomu iko mtandaoni na ina haraka zake. Ukiingia unapewa dakika ishirini, zinahesabiwa pale juu, zikiisha unatolewa. Hilo nalijua, nilishajipanga: namba ya cheti, picha, vyote mkononi. Lakini leo ilinitoa dakika ya sita. "Weka neno la siri." Nikaweka. Dakika ya nne, tena. "Weka neno la siri."

Nikasema ni mtandao. Nikabadilisha laini. Nikazima simu, nikawasha. Nikaazima simu ya Mama. Kila mara dakika kibao zimebaki, na bado natolewa nje kama kuku aliyeingia jikoni.

Saa tisa na nusu nililia. Naandika ili nisije nikajidai baadaye kwamba sikulia.

Ndipo ujumbe ukaingia kwenye grupu la ukoo. Mjomba Salumu, kaka yake Mama, yuko Songo Songo: "Nimeingia. Nimesahihisha sehemu ya chuo. Iringa baridi na ndugu hatuna. Nimeweka cha hapa Lindi." Binamu yangu Zuhura wa Kilwa Masoko akajibu: "Na mimi nimo ndani mjomba, naangalia picha kama imekaa vizuri."

Nikausoma tena. Fomu ile inakubali mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Akiingia wa pili, wa kwanza anatolewa.

Mtandao haukuwa na kosa. Walikuwa ndugu zangu.

Na mwenye kosa ni mimi. Mwezi uliopita nilikuwa shambani, simu haishiki, nikapanda kilimani na kuliandika neno la siri kwenye grupu ili mwenye mtandao aniangalizie kama namba ya cheti imekubaliwa. Kwetu hakuna aliyeona ajabu. Jambo la mmoja ni la wote, na sisi Wamwera mjomba ndiye mwenye kauli. Hata posa yangu ataipokea yeye.

Lakini darasani nitakaa mimi.

Nikabonyeza palipoandikwa "Badilisha neno la siri." Nikaweka jipya, nikaingia, nikafuta Lindi, nikarudisha Uuguzi, Iringa. Safari hii hakuna aliyenitoa. Saa kumi kasoro dakika nane nikatuma, na jibu likaja kwamba maombi yamepokelewa.

Haikuchukua muda simu ikaita.

"Mwanangu, mbona inanikatalia?"

"Shikamoo mjomba. Nimelibadilisha neno la siri."

"Marahaba. Haya, nitajie hilo jipya."

"Hapana, mjomba."

Tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mjomba hapana. Akaniuliza kama Mama yupo. Nikampa simu Mama, nikasimama pembeni nikisubiri kusemwa na wawili.

Mama alisikiliza muda mrefu, akichambua mchele kwa mkono mmoja. Mwisho akasema, "Kaka, hata mimi hajaniambia." Akanirudishia simu, akaendelea na mchele wake.

Nampenda mjomba. Ada ya sekondari alilipa yeye na hajawahi kunisimanga. Ndiyo maana inauma. Ila nimechoka kusukumwa nje ya jambo langu na watu wanaonitakia mema.

Jumapili ataitisha kikao, namjua. Nitakwenda. Nitamwamkia kila mkubwa, nitapika, nitapakua, nitakaa mkekani na kusemwa mpaka wachoke.

Neno la siri halitoki.